Mapumziko Anakaa na Nani?



Miaka ile nilipokuwa mwalimu wa darasa la tatu huko Muheza, siku ya kufunga muhula, alikuja bibi mmoja kuchukua ripoti ya mjukuu wake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akakaa kwenye kibenchi cha nje ya ofisi. Hakuwa na miwani, kwa hiyo nikamsomea. Kiswahili kiasi fulani, Hisabati kiasi fulani, nafasi aliyoshika darasani. Kisha nikashuka chini ya karatasi, kwenye yale masanduku ya tabia na mwenendo. Bidii ya kazi, B. Utii, A. Usafi, B. Ushirikiano na wenzake, B. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akaikunja ile karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga, halafu akaniuliza: "Mwalimu, mapumziko huwa anakaa na nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na mtoto yule tangu Januari. Nilijua mwandiko wake, nilijua kwamba anachanganya r na l, nilijua daftari lake limefunikwa kwa gazeti. Lakini nusu saa ile ambayo kengele hugongwa na watoto wote wakatoka nje, anakwenda wapi na anakaa na nani, hilo sikulijua. Na mbele ya neno ushirikiano nilikuwa nimeandika B.

Nitakueleza ile B ilitoka wapi. Nilijaza ripoti za watoto zaidi ya sabini usiku mmoja kwa mwanga wa taa ya chemli. Alama za masomo nilizinakili kutoka kwenye karatasi za mitihani. Zile za tabia sikuwa na mahali pa kuzinakili, kwa hiyo niliandika nilichokumbuka, na nilichokumbuka kilikuwa usumbufu. Aliyenisumbua nilimpa C au D. Asiyenisumbua nilimpa A ya utii, na masanduku mengine nikayajaza B. Naamini walimu wengi wanaonisikia wanaujua usiku huo.

Kwa hiyo leo nataka tuzungumze jinsi tunavyopima tabia ya mtoto na uwezo wake wa kuishi na wenzake. Ninachotaka kukisema ni hiki: mara nyingi tunampima mtoto kwa kadiri anavyotusumbua sisi, tukasahau kuangalia kadiri anavyosumbuka yeye. Vipimo hivyo ni viwili, na havitoi majibu yaleyale.

Tuanze na maneno yetu wenyewe, maana Kiswahili hakikosi maneno ya tabia za watoto, na ukiyasikiliza vizuri hayasemi jambo moja. Mtundu ni yule atakayeifungua redio ya babu yake aone aliyemo ndani. Unapomwita mtundu, mara nyingi unacheka. Mtukutu hakai, ukimweka hapa yuko kule. Mkorofi huanzisha ugomvi. Mjeuri hujibu, tena hujibu akikutazama machoni. Mkaidi hajibu wala hatendi. Mdokozi mkono wake umo chunguni kabla chakula hakijaiva. Hizo ni hali sita mbalimbali, na kila moja ina chanzo chake na dawa yake. Lakini likija suala la ripoti au kikao cha wazazi, zote tunazimimina kwenye chombo kimoja tukasema huyu mtoto ana tabia mbaya. Tukishasema hivyo tumeacha kumtazama.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Mtoto asiyetusumbua tuna neno lake, mpole, na kwetu mpole ni sifa. Ndani ya neno hilo amejificha mtoto aliyezaliwa mtulivu na hana shida yoyote. Amejificha pia mtoto mwoga, mtoto mwenye huzuni, mtoto asiyesikia vizuri, mtoto asiye na rafiki hata mmoja, na mtoto aliyejifunza nyumbani kwamba ukijifanya haupo hupigwi. Wote hao wanapata A ya utii.

Wenzetu wanaofanya kazi hii kwa taaluma walikutana na tatizo hili zamani. Mwaka 1997 daktari wa afya ya akili ya watoto wa London, Robert Goodman, alitoa dodoso fupi lenye sentensi 25. Mzazi au mwalimu anasoma kila sentensi na kuamua kama kwa mtoto huyu si kweli, ni kweli kwa kiasi, au ni kweli kabisa. Dodoso hilo limetafsiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, na watafiti wamelitumia hapa Tanzania. Sentensi tano ni za hisia: hofu, huzuni, maumivu ya tumbo yasiyo na ugonjwa. Tano ni za mwenendo: hasira, ugomvi, uongo. Tano ni za kutotulia. Tano ni za maisha yake na watoto wenzake, kama ana rafiki, kama anaonewa. Na tano za mwisho ni za wema: kugawana alichonacho, kumsaidia aliyeumia, kuwajali wadogo.

Kuna mambo mawili katika dodoso hilo ninayoyapenda sana. La kwanza, zile sentensi za wema hazijumlishwi na nyingine. Makundi manne ya shida yanajumlishwa na kutoa alama kati ya 0 na 40, lakini wema unahesabiwa peke yake. Mtoto anaweza kuwa mkorofi wa kupindukia na bado akawa wa kwanza kumwinua mwenzake aliyeanguka, na hesabu ya moja haiifuti nyingine. Mwalimu aliyechoka husahau hilo. Akishamtia mtoto katika kundi la wakorofi, hata wema wake anaushuku.

La pili liliongezwa mwaka 1999, nyuma ya karatasi. Ukishajibu zile 25 unaulizwa kama shida hiyo inamhuzunisha au inamsumbua mtoto mwenyewe, na kama inaharibu maisha yake ya nyumbani, urafiki wake, masomo yake, michezo yake. Kisha, kwa swali la peke yake, unaulizwa kama inakuelemea wewe na familia yako, au kama wewe ni mwalimu, wewe na darasa lako. Mambo hayo mawili yametenganishwa makusudi: usumbufu wa mtoto na usumbufu wetu. Ningelikuwa na swali hilo moja tu usiku ule wa taa ya chemli, ripoti zangu zingesomeka vingine.

Niseme haraka kwamba dodoso si hukumu. Ni chekeche. Linakuonyesha mtoto wa kumtazama kwa karibu zaidi, halikuambii ana nini. Aliyepata alama kubwa huenda hana ugonjwa wowote, na aliyepata ndogo huenda yumo matatani. Kazi yenyewe huanzia hapo.

Sasa nije kwenye jambo linaloleta ugomvi kila kikao cha wazazi. Mwalimu anasema mtoto wako ni msumbufu. Mama anasema mwanangu nyumbani hana neno. Mwalimu anaondoka akiamini mama anamkingia mwanawe kifua, na mama anaondoka akiamini mwalimu amemchukia mtoto. Mwaka 1987 Thomas Achenbach wa Chuo Kikuu cha Vermont kule Marekani, pamoja na Stephanie McConaughy na Catherine Howell, walikusanya tafiti 119 zilizouliza watu zaidi ya mmoja kuhusu mtoto yuleyule, wakaangalia majibu yanakubaliana kiasi gani. Kipimo chao ni rahisi kukielewa: 1 maana yake watu wawili wanapanga watoto sawasawa kabisa, 0 maana yake hakuna uhusiano wowote. Watu wanaomwona mtoto mahali pamoja, kama baba na mama, walikubaliana kwa 0.60. Watu wanaomwona mahali tofauti, kama mzazi na mwalimu, 0.28. Mtoto mwenyewe na hao wakubwa wanaomzungumzia, 0.22. Na makubaliano yalikuwa madogo zaidi kwa shida za ndani, za hofu na huzuni, kuliko kwa zile za ugomvi na fujo zinazoonekana na kila mtu.

Sikiliza maana yake. Katika tafiti hizo kwa ujumla, mzazi na mwalimu kutokubaliana ndiyo hali ya kawaida. Hakuna aliyedanganya. Yule mama anasema kweli yake na mwalimu anasema kweli yake, kwa sababu mtoto si jiwe lenye uzito uleule popote unapolipima. Nyumbani ana mdogo wake wa kumbeba, ana kuku wa kuwafungia, anaitwa kwa jina lake na akimaliza kazi anaambiwa ahsante. Shuleni ni mmoja kati ya themanini, amebanwa katikati ya dawati la watu wanne, na jina lake analisikia tu akikosea. Tofauti ya majibu ndiyo habari yenyewe. Inakuelekeza pa kutafuta: kuna nini kule ambacho hakipo huku? Na ikiwa mambo ni kinyume, shuleni ametulia na nyumbani anavunja vyombo, basi uliza hilo pia, kwa upole na bila kumtisha mtu.

Na yule wa 0.22, mtoto mwenyewe, ndiye tunayesahau kumwuliza. Ni kweli kumwuliza mtoto si rahisi, hasa kwetu. Charles Super na Sara Harkness, waliokaa miaka ya 1970 kwenye kijiji cha Wakipsigis kiitwacho Kokwet, magharibi mwa Kenya, waliwasimulia watoto hadithi fupi na kuwataka wairudie mbele ya mtu mzima. Watoto wengi walinyamaza. Mtu wa haraka angeandika kwamba watoto hawa hawana lugha, hawana kumbukumbu. Lakini watoto haohao wakiwa na wenzao walikuwa wakisema bila kukoma. Walikuwa wamelelewa kusikiliza mbele ya mkubwa, si kumhutubia, na ukimya wao ulikuwa adabu waliyofundishwa. Mwaka 1977 watafiti hao walichapisha makala juu ya ugumu wa kuwapima watoto wa Kiafrika, na somo lake kwangu ni kwamba ukimwita mtoto ofisini, ukamsimamisha mbele ya meza na kumwuliza una shida gani, kimya utakachokipata hakikuambii chochote kuhusu shida yake. Kinakuambia tu kwamba amelelewa. Kaa naye chini. Mpe kazi ya mikono, akukatie mchicha au akupangie chaki, na uulize ukiwa unatazama kazi, usimtazame yeye.

Wazee wetu walikuwa na kipimo chao, nacho sikukithamini mpaka nilipokisoma kwa mgeni. Robert Serpell alikaa kwa Wachewa wa mashariki mwa Zambia, akataka kujua watu wazima wanasema mtoto gani ana akili. Badala ya kuwapa watoto mtihani wa karatasi, aliwauliza wakubwa: likitokea jambo fulani, kati ya watoto hawa wa kijiji ungemtuma yupi, na kwa nini? Katika majibu yao neno la akili, nzelu, lilikuwa na sehemu mbili. Moja ni wepesi wa kufahamu. Ya pili ni kutumikila, na msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo. Ni mtoto anayetumika, anayetumwa akafika, akafikisha maneno kama alivyopewa, akarudi na chenji. Kokwet nako waliitofautisha akili ya nyumbani, ile ya kuona kinachohitajika ukakifanya bila kuambiwa, na ile waliyoiita ya shule.

Fikiri mambo yaliyomo katika kumtuma mtoto wa miaka saba dukani. Ashike maneno kichwani. Apite penye watoto wanaocheza asishawishike, au ashawishike kidogo kisha ajikumbushe. Aamkie watu wazima njiani. Asubiri zamu yake kwenye kidirisha cha duka wakati wakubwa wanampita. Akikuta chumvi imekwisha, aamue kama anunue nyingine, arudi kuuliza, au aende duka la pili. Kila kinachoulizwa na madodoso juu ya kujizuia na kuelewana na watu kimo katika safari hiyo ya dakika kumi. Ukitaka kujua mtoto wako amefika wapi, mtume, kisha usihesabu chenji peke yake. Angalia anakwama wapi. Anasahau maneno? Anagombana njiani? Anaogopa kumsemesha mwenye duka? Hayo ni matatizo matatu tofauti, na kumwita mjinga hakutatui hata moja.

Frank Gresham, ambaye mwaka 1990 pamoja na Stephen Elliott alitoa kipimo kinachojulikana cha stadi za kuishi na watu, anasisitiza swali ambalo kila mzazi angeweza kulitumia: mtoto huyu hajui kufanya, au anajua ila hafanyi? Asiyejua anafundishwa, kama unavyomfundisha kufunga kamba za viatu. Anayejua asifanye ana sababu, na sababu hiyo inatafutwa. Adhabu haimfundishi wa kwanza na haimwulizi wa pili.

Nilikuwa na mvulana mmoja, baadaye nilipohamia darasa la tano, ambaye kila wiki alitolewa nje mara mbili tatu kwa kelele. Mwenzangu mmoja aliyekuwa amesoma kozi ya malezi na ushauri alinishauri nichore mistari miwili kwenye daftari nipate safu tatu: kilichotokea kabla, alichofanya, kilichofuata baada yake. Niandike bila maneno ya lawama. Nisiandike "alileta jeuri", niandike "alimvuta mwenzake kola, akacheka kwa sauti". Kwa wiki mbili niliandika. Safu ya katikati ilikuwa na mambo ya kila namna. Safu ya kwanza karibu yote ilikuwa na neno moja: sehemu. Kila nilipoandika ubaoni nusu kujumlisha theluthi, kelele ilianza. Na safu ya tatu nayo ilikuwa na jambo moja: katolewa nje. Mimi niliona namwadhibu. Kumbe nilikuwa nampa anachokitaka, kuondoka mbele ya ubao ule kabla sijamwita aje aonyeshe asichokijua. Aliona afadhali aitwe mkorofi kuliko kuitwa mbumbumbu, na kwa kijana wa umri ule naelewa kwa nini. Dawa yake ilikuwa vijiti na machungwa, yaliyojaa Muheza, tukikata nusu na robo wawili tu baada ya masomo. Kelele haikwisha siku moja. Ilipungua polepole, kadiri sehemu zilivyomwingia.

Kuna hatua tunayoiruka wote, nayo ni kuuliza mwili. Mtoto asiyeitika akiitwa, anayewatazama wenzake kabla ya kufanya ulilowaambia wote, anayesema kwa sauti kubwa isiyo na sababu: kabla hujamwita mkaidi, simama nyuma yake umwite taratibu. Masikio yanayotoa usaha mara kwa mara tumeyazoea mno vijijini, tunayaona ni mambo ya utoto, na huku yanaharibu usikivu. Mtoto anayezubaa sekunde chache, macho yamekaza, kisha akaendelea kana kwamba hakuna lililotokea, tena mara nyingi kwa siku, huenda ana aina ya kifafa isiyoangusha mtu chini. Mwalimu anaandika "hana umakini", wakati hospitali ingeweza kumsaidia.

Na kuna malaria iliyopanda kichwani. Pale hospitali ya Mulago, Kampala, watafiti waliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliopona malaria hiyo, na baada ya miaka miwili waliona takriban mtoto mmoja kati ya wanne bado ana upungufu katika kufikiri, kukumbuka au kuwa makini. Mzazi anamshukuru Mungu mtoto amerudi nyumbani mzima, na ana haki ya kushukuru. Halafu mwaka unaofuata mtoto anakuwa mwepesi wa hasira, hashiki analofundishwa, na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili. Kilifi, Kenya, nako, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwachunguza watoto zaidi ya 3000 wa mwaka mmoja hadi sita, ukakuta takriban 13 katika kila 100 wana matatizo ya tabia na hisia yanayostahili kuangaliwa, na historia ya degedege na kifafa ilihusiana na matatizo hayo. Kwa hiyo mwalimu akiandika historia ya mtoto, swali "aliwahi kushikwa na degedege?" linastahili kuwa miongoni mwa ya kwanza.

Siwezi kuzungumza haya nikakwepa fimbo. Kanuni za Tanzania zinaruhusu viboko shuleni visivyozidi vinne, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Kenya, katiba ya mwaka 2010 ilimpa kila mtu haki ya kutoadhibiwa kwa kipigo. Watu hubishana juu ya fimbo kama suala la mila, la dini, la haki. Mimi nakuomba uitazame kama kipimo. Pale ambapo kitabu kinaandikwa kweli, kifungue usome majina. Yanajirudia. Mtoto aliyechapwa Februari yumo Machi, yumo Juni, yumo Septemba. Kama dawa ungeliipa mara tisa mgonjwa akarudi na homa ileile, ungelibadilisha dawa, au angalau ungelipima damu upya. Tobias Hecker na wenzake walipowauliza wanafunzi 409 wa shule ya msingi Tanzania, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, asilimia 95 walisema wamewahi kupigwa na mzazi au mlezi, na waliopigwa zaidi ndio walioonyesha ukorofi na kutotulia zaidi. Utafiti wa namna hiyo hausemi kipi kilitangulia, kipigo au ukorofi. Lakini anayeamini kwamba fimbo inaondoa ukorofi hapati msaada hapo.

Mimi nilichapa. Nasema ili mwalimu mwenzangu asidhani nazungumza nikiwa juu ya mlima. Nilichokuja kukijutia zaidi, hata kuliko maumivu niliyoyasababisha, ni kwamba kila nilipochapa niliacha kuuliza. Fimbo ilinimalizia swali kabla sijalipatia jibu.

Nirudi kwa mjukuu wa yule bibi, maana naona saa inanikimbiza.

Shule zilipofunguliwa Julai nilichukua kiti nikakiweka chini ya mwembe wakati wa mapumziko, nikawa nasahihisha madaftari, jicho moja nje. Siku ya kwanza sikumwona kabisa. Siku ya pili nilimwona anatoka na wenzake, anazunguka nyuma ya jengo la darasa la saba, anatokea upande wa pili peke yake, anasimama kwenye bomba, anakunywa maji taratibu kama mtu anayevuta muda. Kisha anarudi darasani kabla ya kengele. Siku ya tatu wasichana walicheza rede. Alisogea mpaka kwenye ukingo wa uwanja, akasimama, akaangalia mpira unavyorushwa. Nilihesabu karibu dakika nane. Hakuna aliyemfukuza, lakini hakuna aliyemwita pia, na yeye hakusema neno. Akageuka akaenda bombani.

Siku zilizofuata niliwatazama wale wengine, wanaoingia mchezoni bila shida, nikaona wanafanyaje. Hawaombi. Wanasimama kando kidogo, wanafuata mchezo, mpira ukitoka nje wanaukimbilia na kuurudisha, wanashangilia, wanasema umechoka nikushikie nafasi yako, na mara wamo ndani. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Martha Putallaz na John Gottman walichunguza jambo hilohilo kule Marekani na kulichapisha mwaka 1981, namna watoto wanavyojiunga na kundi linalocheza, na kwamba wanaokubaliwa ni wale wanaoufuata mchezo uliopo, si wanaojivutia macho ya watu. Mtoto wangu yule alikuwa amefika hatua ya kwanza, ya kusimama kando, na hakujua inayofuata. Mama yake alikuwa mjini akitafuta maisha. Pale kwa bibi alikuwa mtoto pekee, kati ya mtu mzima mmoja na mbuzi watatu. Angejifunzia wapi?

Sikumsukuma uwanjani. Nilimpa kazi ya kutunza mpira wa rede, ule wa soksi uliojazwa matambara. Kila mapumziko wanaotaka kucheza walilazimika kumfuata yeye. Na nilimweka dawati moja na msichana mmoja mchangamfu asiye na makuu, mwenye tabia ya kuzungumza na yeyote aliye karibu yake, akijibiwa au asijibiwe. Zaidi ya hapo nilikaa chini ya mwembe na madaftari yangu. Wiki ya nne nilisikia sauti nisiyoifahamu ikipiga kelele uwanjani, nikainua kichwa, ni yeye, anabishana na mtu kama mpira ulimgusa au haukumgusa.

Desemba bibi alikuja tena. Shikamoo, marahaba. Nikaanza kumsomea alama, akaniwekea mkono kwenye karatasi, akanitazama akisubiri. Nikamtajia jina moja.

"Mtoto wa nani huyo?"

"Wa pale kwenye mashine ya kusaga, bibi."

Akafikiri kidogo. "Nawajua," akasema, akaichukua ripoti yake akaikunja.